Mama Ataonekana Sebuleni Kwetu

Jumatano, 9 Aprili

Tangazo kubwa baada ya ibada ya jioni! Kipindi cha kwaya yetu, kile walichokuja kurekodi watu wa televisheni mwezi wa pili, kitarushwa Jumapili ya Pasaka saa nane mchana. Televisheni na redio yao, vyote kwa wakati mmoja. Watu walipiga makofi. Mama yangu aliangalia viatu vyake.

Nieleze. Mama ameimba kwaya tangu sijazaliwa, safu ya nyuma, nyuma ya Mama Gloria, ambaye ni mrefu na bado anaongeza kilemba. Mwaka huu Mama amepewa kuimba ubeti wa pili peke yake. Hajawahi kujiona akiimba. Kioo cha kwetu ni kile cha Baba cha kunyolea ndevu. Unajiona shavu moja kwa zamu.

Tatizo: hatuna TV. Ilipigwa radi wiki iliyopita, na king'amuzi chake. Hapa Mwisenge radi haichagui nyumba, lakini ya Mama Gloria iliiruka. Na Mama Gloria akasimama mlangoni mwa kanisa akasema karibuni wote kwangu siku hiyo, TV yangu ni ukuta mzima, hata mliobaki gizani karibuni, Mama Nyamburi usione aibu, mkeka upo. Nyamburi ni mimi. Mama alitabasamu. Tabasamu la mtu aliyemeza mwiba wa sato na hataki wageni wajue.

Nimeamua. Mama atajiona sebuleni kwetu, kwenye kiti chake mwenyewe. Baba ana kompyuta ya mezani, waligawiwa kazini zile kuukuu mashine mpya zilipokuja. Inafunikwa kitambaa cha kufuma na kufunuliwa Krismasi. Mwalimu Edwin alitufundisha kwamba kompyuta inaweza kuwa kitu chochote ukiipa kadi inayofaa. Ipo kadi ya TV!

Hii ni siri. Asijue mtu.


Alhamisi, 10 Aprili

Nilikwenda kwa Mwalimu Edwin, Kamunyonge. Shule imefungwa, elimu haifungwi. Nilimkuta anafua. Alifurahi sana kuulizwa swali ambalo halimo kwenye mtihani, akaliacha shati kwenye beseni.

Alieleza vizuri. Kadi ya TV inanasa matangazo kutoka kwenye antena na kuyaonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Ziko za kuchomeka ndani ya kasha, ziko ndogo za kuchomeka nje kama flashi. Kwanza nifungue kasha nione kuna nafasi gani. Pili, na hili ndilo la maana kuliko yote, akainua kidole chenye povu, niangalie kama kadi ni ya dijitali au ya analojia. Halafu akaanza kusimulia jinsi mitambo ya analojia ilivyozimwa nchi nzima miaka ile, na watu walivyolalamika, na TV za watu zilivyogeuka kabati. Hiyo ni historia. Mimi nimechukua sayansi. Niliacha kuandika, nikatumia muda huo kupigia kichwa cha habari mstari kwa rula.

Njiani nikakutana na Gloria. Tuko darasa moja, Kidato cha Tatu. Mmoja wetu huwa wa kwanza na mwingine wa pili, inategemea nani anasimulia. Akasema mama yake amekodi viti vya plastiki, na sisi tumetengewa mkeka mzuri. Nilikusudia kunyamaza. Nikasikia mdomo wangu unasema asanteni, sisi tutatazama kwetu, pamoja na wageni wetu. Gloria akauliza mtatazama kwenye nini, kwenye pasi? Nikasema kwenye kompyuta. Alicheka mpaka akashika ukuta wa watu. Akasema basi na yeye atapika wali kwenye redio.

Sasa ni lazima.


Ijumaa, 11 Aprili

Mama alikuwa sokoni anauza dagaa. Nilifungua kasha kwa kisu cha mkate. Bisibisi iko Bunda na Baba, ambaye anafanya kazi huko na kurudi mwisho wa mwezi na sikukuu. Ndani: vumbi, wadudu wa ziwani waliokufa kizazi baada ya kizazi, na mayai ya mjusi. Na nafasi moja ndefu, nyeupe, tupu, kama imenisubiri mimi! Niliichora na kuandika vipimo. Nilipofunga, skrubu moja ikabaki mkononi. Nadhani kiwandani walizidisha.

Jioni nimeandaa jedwali la kulinganisha kadi, kama tulivyofundishwa: vigezo, alama, jumla, hitimisho. Vigezo ni ukubwa, uzito, rimoti, muonekano wa boksi, na wingi wa lugha kwenye karatasi ya maelekezo. Dijitali na analojia nimeweka mwisho kabisa, kwa heshima ya Mwalimu.

Kimebaki kitu kimoja. Nitaipataje?


Jumamosi, 12 Aprili

Mama alinituma Butiama kumpelekea Bibi dagaa. Bibi na mimi ni wajina: yeye Nyamburi, mimi Nyamburi. Kwa hiyo haniiti mjukuu, ananiita mke mwenzangu. Babu alifariki zamani lakini ukewenza wetu unaendelea. Alinikagua akasema mwenzangu umekonda, huyo mume wetu anakunyima? Nikasema ni masomo. Akasema masomo hayajawahi kunenepesha mtu, nimwangalie baba yangu.

Nikamweleza kwamba nina shida ya kifaa cha elimu. Hakuuliza kifaa gani. Akaingia bandani, akatoka na jogoo mwekundu mwenye mkia nusu. Nusu nyingine ilibaki kwa mbwa wa jirani. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema huyu ananipa kama wajina wake, na kitu cha wajina hakichinjwi wala hakiuzwi. Huyu ni mimi, akasema. Akiwika, ujue nakusalimia.

Nikasema ndiyo, mke mwenzangu.

Usiku huu nimefikiri kwa makini. Hakuchinjwa. Hatauzwa. Kubadilishana hakukutajwa.


Jumatatu, 14 Aprili

Bunda! Mjomba Fred alikuwa anapeleka magunia ya dagaa, nikaomba kwenda naye kumsalimia Baba. Baba sikumsalimia. Si vizuri kumsumbua mtumishi saa za kazi. Jogoo alikuwa kwenye kapu, alisalimia njia nzima.

Duka la Lameck, fundi kompyuta, limejaa kompyuta zilizokufa mpaka darini. Alinisikiliza kwa adabu, akaweka kadi mbili mezani. Ya kwanza ni kadogo kama kiberiti, haina boksi, imefungwa kwa raba pamoja na waya wake. Akasema hii ya dijitali, inanasa matangazo ya siku hizi, chukua hii, dada.

Ya pili! Boksi kubwa. Familia ya Kizungu inacheka kwenye kochi moja. Rimoti. Waya za rangi. Maelekezo kwa lugha ambazo nyingine sikuwahi kuziona hata kwenye dawa. Pembeni imeandikwa analojia. Lameck mwenyewe akasema hiyo dada iache, nilikuwaga naiweka kama pambo, imekaa hapa tangu nioe.

Nikatoa jedwali. Kadogo kalifeli hata kabla ya kigezo cha rimoti. Na kuhusu analojia, sikukurupuka. Maabara yetu ya fizikia ina mita za umeme za aina mbili. Ya dijitali tunashika wote, hata wanaochelewa. Ya analojia, yenye mshale, imefungiwa kabatini na hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Watu wanafungia kitu bora. Lameck akasema dada, nisikilize kwanza. Nikamwonyesha jumla. Akaitazama jumla, akamtazama jogoo. Jogoo akawika. Akasema basi, msomi ni wewe.

Jogoo alinitazama mpaka nilipokata kona. Samahani, mwenzangu.


Jumanne, 15 Aprili

Kadi imeingia, kwa msaada wa goti. Skrubu nyingine imebaki. CD ya programu ilikwama mdomoni mwa mashine, nikaitoa kwa kibanio cha nywele, ikaingia tena kwa hiari yake. Waya wa antena ya zamani nikauchomeka. Kioo kikaandika kwamba kinatafuta chaneli. Moyo wangu!

Kikatafuta. Kikapata chenga.

Chaneli ya kwanza, chenga. Inayofuata, chenga, nyeupe zaidi. Nilipanda juu ya meza nje nikageuza antena kuelekea ziwani, kuelekea Bunda, kuelekea mbinguni. Nikaning'iniza mfuniko wa sufuria. Chenga zikapata mstari katikati. Hayo ni maendeleo.

Gloria akapita wakati nimeshika mfuniko juu. Akauliza kama chakula kimeiva. Akasema nusu ya kwaya wanasema watakuja kwetu, maana wamesikia tuna kompyuta ya sinema. Wamesikia wapi? Nilimwambia yeye tu! Anakusanya mashahidi, huyu.


Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Bado chenga. Nimejaribu vifuniko vyote vya nyumba hii.

Bibi amefika kutoka Butiama kwa ajili ya sikukuu. Kabla hajakaa, akauliza mwenzetu yuko wapi. Nikasema yuko Bunda. Ukweli mtupu! Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Akasema kumbe una akili, umempeleka kuchumbia! Maana Mwisenge hamnaga mitetea yenye adabu, yote imelelewa barabarani.

Nikapumua. Jioni Baba akaingia kutoka Bunda na zawadi ya Pasaka kwenye kapu. Akasema kampata kwa jamaa mmoja wa kompyuta, anamtoa kwa bei ya kutupa kwa sababu anawika dukani na kufukuza wateja.

Jogoo mwekundu. Mkia nusu.

Bibi akamtazama muda mrefu. Akamuuliza, umerudi peke yako? Wamekukataa? Baba akasema Mama, huyu ni wa Jumapili, na wali. Bibi akasema huyu ni mimi. Baba akakaa chini taratibu na kofia yake mkononi. Hakuna anayeweza kumchinja mama yake na kumpika na wali.

Pasaka tutakula dagaa. Ila tazama: kadi ninayo na jogoo ninaye. Nina kipaji cha biashara.


Jumamosi, 19 Aprili

Mama amesikia sokoni. Aliniuliza kama ni kweli kesho tutatazama hapa. Aliuliza kwa sauti ndogo huku anachambua mchele, hakuniangalia. Akasema kwa Mama Gloria angekwenda tu, hana kinyongo, ila ule ubeti alitamani auone akiwa amekaa kwenye kiti. Nikasema utauona, Mama. Akaenda kupiga pasi kitenge chake cha bluu, kile alichovaa siku ya kurekodi, kana kwamba kesho wataangaliana yeye na yule wa kwenye kioo na hataki kupitwa.

Nilikwenda nyuma ya choo nikalia kidogo.

Nikiwa huko nikasikia redio ya jikoni inakoroma taarifa ya habari. Redio! Tangazo lilisema televisheni na redio, kwa wakati mmoja! Sauti ni ileile. Inayokosekana ni picha tu, na picha ni nusu ya kazi. Nusu ni alama hamsini. Hamsini si kufeli.

Mpango: redio nyuma ya kioo, chini ya kitambaa cha kufuma. Mapazia yafungwe. Wageni wakae mbali. Mengine ni imani, na ni Pasaka.


Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili

Naandika upesi, nisisahau kitu.

Asubuhi Mama aliuliza redio yake iko wapi. Nikasema imo ndani ya nyumba. Saa saba na nusu sebule ilijaa. Alikuwepo Mzee Bernado wa besi, Eufrasia wa sauti ya pili, na wengine mpaka korido. Baba aliwaeleza wote kwamba mashine hii iliwahi kutunza mafaili ya ofisi nzima. Bibi alikaa mbele kabisa na jogoo mapajani. Mama alikaa kwenye kiti chake, kitenge cha bluu, mikono imefungana.

Saa nane. Rimoti mkono wa kulia, mkono wa kushoto kwenye redio, chini ya kitambaa. Kwaya ikaanza! Chenga zikacheza! Mzee Bernado akasema mbona mimi sioni kitu. Nikasema ni upepo wa ziwani, utatulia. Mtangazaji akasema wapendwa wasikilizaji. Mzee Bernado akauliza kwa nini anatuita wasikilizaji. Nikasema ni heshima. Akasema hapana, kuna kitu hapa, na akaanza kuinuka. Nikajua nimekwisha.

Ndipo ubeti wa pili ukafika. Sauti ya Mama, peke yake. Ilikuwa kama mtu anayefungua dirisha. Mama akaziba mdomo kwa mkono.

Bibi akapiga kelele. "Yule pale! Mkwe wangu yule pale, kitenge cha bluu, mkono kifuani! Hamwoni? Macho yenu mliyaacha wapi?"

Nani aseme haoni anachokiona bibi mzima wa Butiama? Eufrasia akasema kweli, mkono anauona. Baba akasema yeye anaona mpaka hereni. Mtu wa korido akasema wenye vichwa wainamishe. Mzee Bernado akakaa tena, akakodoa, akasema naye amejiona, safu ya nyuma, na kumbe amekonda. Naapa hata mimi nilianza kuona kitu cha bluu.

Mama alisema taratibu sana, "Kumbe huwa naimbaga hivi." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Wimbo wa mwisho haujaisha, mlango ukasukumwa. Mama Gloria, kilemba upande, Gloria nyuma yake, na wageni wao. Mama Gloria alikuwa anahema. Akasema ni aibu gani hii! Kwake kila kitu kilionekana safi, lakini ubeti wa pili ulipoanza tu, kamera ikamwendea mgeni rasmi. Mgeni rasmi akafungua chupa ya maji. Akanywa. Akafuta mdomo. Akatafuta kifuniko. Ubeti ukaisha. Mama Nyamburi hakuonekana hata kidole, pole sana mwenzangu. Na yeye mwenyewe ameonekana kilemba tu!

Sebule yetu ilimtazama kwa huruma. Eufrasia akamwambia dada, labda ni TV yako. Sisi tumemwona mpaka hereni. Mama Gloria akasema haiwezekani. Mzee Bernado akasema haiwezekani vipi, wakati hata yeye amejiona, na suti. Bibi akamuuliza Mama Gloria kama anamwita mwongo, yeye na huyu jogoo. Mama Gloria akatafuta pa kukaa. Viti vilikuwa vimejaa. Akakaa mkekani.

Gloria hakukaa. Alitazama kioo. Akanitazama mimi. Akatazama kitambaa cha kufuma, ambacho kilikuwa kinatikisika kila besi ikiingia. Akafungua mdomo. Palepale Mama akasimama akamjazia andazi mkononi, akasema kula mwanangu, kula, umetembea juani.


Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Asubuhi nilikwenda kutoa redio nyuma ya kioo. Haipo! Nikaikuta jikoni, mahali pake. Betri zimetolewa na kuanikwa juani dirishani, zimepangwa vizuri kama dagaa. Mama alikuwa anaosha vyombo huku anaimba ubeti wa pili. Bila kugeuka akasema siku nyingine nimwambie mapema, hizi betri zinatakaga kuanikwa tangu siku moja kabla, maana kwenye kiitikio zilianza kukoroma. Nikasema sawa, Mama. Nimetafakari sana maneno yake. Nina hakika hajashtukia chochote.

Mchana Mwalimu Edwin akapita. Amesikia habari, akaomba kuiona kadi. Akalitazama boksi. Akaniuliza kama siku ile nilisikia sehemu ya mitambo kuzimwa. Nikamwambia kwa heshima kwamba hiyo ilikuwa historia, na hili ni jaribio, na jaribio lina mashahidi sebule nzima. Akaomba maji ya kunywa.

Hitimisho: kadi ni bora. Ina kasoro moja ndogo upande wa picha. Nakumbuka dukani kwa Lameck, rafu ya juu, kuna nyingine yenye boksi kubwa zaidi, na familia ya kwenye boksi ina mpaka mbwa. Jumamosi ni Muungano, kutakuwa na sherehe kwenye TV, na nimeshawakaribisha Mzee Bernado na kwaya yote. Gloria nimemwambia mkeka upo.

Keshokutwa Mjomba Fred anapeleka magunia Bunda. Bibi amerudi Butiama leo, akaniachia mwenzetu, na ameniusia tena yale yale. Anawika nje sasa hivi ninapoandika. Kapu nimeliosha. Njia anaijua.